Anza na ukosi: namna ya kusoma picha za "Japani" kwenye majukwaa ya vyuo vya Marekani

Ukipewa boksi la picha za maonyesho ya zamani ya chuo kikuu cha Marekani, ukaambiwa hizi ni za mchezo wa Kijapani, usianze na nyuso. Anza na ukosi, yaani kola ya vazi. Kimono, vazi la jadi la Kijapani, iwe ya mwanamume au ya mwanamke, hufungwa upande wa kushoto wa mvaaji ukilala juu ya ule wa kulia. Anayemtazama kwa mbele huona umbo kama herufi ndogo ya y. Ikifungwa kinyume, kulia juu ya kushoto, hilo ni vazi la maiti anayeandaliwa kwa mazishi. Kwa hiyo usishangae ukiikuta kwaya nzima ya wasichana, wamejaa tabasamu na miavuli ya karatasi, kumbe wamevikwa sanda.

Kosa hili lina chanzo chake. Nguo za kike za Kimagharibi hufungwa kulia juu ya kushoto, za kiume kushoto juu ya kulia. Fundi wa mavazi wa chuo asipokuwa na kimono halisi ya kuiga, alichukua patani ya vazi la kike la kufunga kwa mkanda, akarefusha mikono, basi. Msichana naye akalifunga kama alivyozoea kufunga koti lake. Wavulana wa onyesho hilohilo mara nyingi hukutwa wamefunga sawasawa, nao vilevile bila kujua wanachokifanya.

Ila kabla hujamlaumu mtu, hakikisha picha haikusafishwa kinyume. Mtafute mwanamume yeyote aliyevaa suti, labda mpiga piano au mwongozaji aliyesimama pembeni. Mfuko wa kifuani unatakiwa uwe upande wake wa kushoto. Ukiwa kulia, picha yote imegeuka na ukosi wako unasema uongo. Usitegemee maandishi ya kwenye mandhari kukuamulia. Mabango mengi ya majukwaani yalichorwa vijimistari vya kubuni vinavyofanana na herufi za Kijapani, na herufi ya kubuni haina mbele wala nyuma.

Picha nyingi za aina hii zitakuwa za The Mikado, opera ya kuchekesha ya Gilbert na Sullivan iliyofunguliwa London tarehe 14 Machi 1885 na kufika New York kabla mwaka huo haujaisha. Vyuo vya Marekani viliipenda kwa sababu ambazo hazina uhusiano wowote na Japani. Hadi mwaka 1891 sheria ya Marekani haikulinda hakimiliki ya kazi za wageni, hivyo muziki ulichapwa na kuimbwa kila kona. Ina kwaya kubwa ya wanaume na nyingine ya wanawake, kwa hiyo kila mwanachama wa klabu ya uimbaji anapata nafasi. Sauti zinazohitajika si za kutisha. Na mzaha wenyewe unahusu urasimu wa Uingereza uliofichwa nyuma ya feni za kujipepea, kiasi kwamba waongozaji wengi walijiona hawana deni lolote kwa Japani.

Jambo linalosahaulika ni kwamba onyesho la kwanza la London lilikuwa makini kuliko warithi wake wengi. Wakati ule palikuwa na maonyesho ya kijiji cha Kijapani huko Knightsbridge, na Gilbert aliwaomba watu wa hapo wawafundishe waigizaji wake kutembea na kushika feni. Vyuo vilivyofuata havikumuiga Mjapani; viliiga picha za waigizaji wa Kiingereza waliomuiga Mjapani. Kila nakala ilipotoka kwenye nakala nyingine, kitu kilipotea njiani na kitu kingine kikaongezwa: kikofia cha Kichina, msuko mrefu mgongoni, joka kwenye pazia, gongo kila mtu mkubwa anapoingia.

Wimbo wa kumkaribisha mfalme, ule wa "Miya sama", ni wa Kijapani kweli. Ni wimbo wa askari wa vita vya mwaka 1868. Kwaya za vyuo ziliusoma kwa matamshi ya Kiingereza ukageuka maneno ya kitoto. Msomaji wa Kiswahili angeutamka vizuri mara ya kwanza tu, maana irabu ni zilezile tano na karibu kila silabi inaishia kwenye irabu.

Turudi kwenye nguo. Kimono halisi hukatwa kutoka kwenye jora moja jembamba, upana wa sentimita 36 hadi 38 na urefu wa kama mita 12. Haina mkato wa kiuno, haina pensi kifuani. Ya mwanamke huwa ndefu kukaribia urefu wake mzima, na ziada hukunjwa kiunoni ikafanya upindo unaochungulia chini ya obi, ule mkanda mpana wa kiunoni. Upindo huo ukikosekana, ujue umetazama gauni. Obi yenyewe, ile rasmi, ina upana wa sentimita 30 na kitu na urefu unaozidi mita 4, ndiyo maana huwezi kujifunga ukiwa na haraka nyuma ya jukwaa. Vyuo vilitumia mshipi wa lastiki na fundo la kadibodi lililoshonwa mgongoni. Hilo kwangu si dhambi, hata majukwaa makubwa hufupisha. Dhambi ni kulihamishia fundo mbele kwa sababu linapendeza kwenye picha. Fundo la mbele ni alama ya malaya wa daraja la juu wa enzi ya Edo (karne ya 17 hadi ya 19), na wale wasichana watatu wa The Mikado wametoka shule.

Feni nayo ina siri yake. Feni ya kuchezea ngoma ya Kijapani ina mbavu 10 na vipande vidogo vya risasi karibu na msumari wake, ili uzito ukae chini na feni izunguke vidoleni bila kukimbia. Feni ya karatasi ya dukani haina uzito huo. Mchezaji akijaribu kuizungusha inaruka, kwa hiyo mwongozaji anafuta mzunguko na kuacha kufungua na kufunga kwa mlio. Ndivyo kile kishindo cha feni 20 zikifunguka pamoja kilivyogeuka "mtindo wa Kijapani" machoni pa Wamarekani.

Sasa nyuso, sehemu isiyopendeza. Katikati ya karne ya 20 mafunzo ya vipodozi vya jukwaani yalikuwa na somo la "sura ya Kimashariki" kama yalivyokuwa na la uzee. Hatua zilikuwa hizi: rangi ya mafuta ya manjano iliyofifia, penseli nyeusi ikivuta pembe ya jicho kwenda juu, na kipande chembamba cha utepe au ngozi ya samaki kilichobandikwa kwa gundi ya jukwaani kwenye kope ili kuivuta. Hata kama kazi tu, ilikuwa kazi mbovu. Gundi hulegea kwa jasho, na taa za zamani zilikuwa tanuri. Kufikia tendo la pili jicho moja limefunguka na lingine bado limevutwa. Rangi ya manjano chini ya taa za kaharabu inakuwa ya mgonjwa wa ini. Na iliishia chini ya kidevu, kwa hiyo muigizaji akiinama kwa heshima, shingo yake inamtoa.

Nyeupe ya kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, ni kitu kingine kabisa, na hapo ndipo mafundi wenye nia njema walipoanguka. Haianzi na rangi nyeupe, inaanza na nta. Nta ngumu hulainishwa viganjani, ikasuguliwa usoni, shingoni na kifuani juu, na kwa nguvu zaidi juu ya nyusi mpaka zilale. Kisha unga mweupe unachanganywa na maji na kupakwa kwa brashi pana bapa kwa mikupuo ya haraka, halafu unagongwagongwa kwa sponji mpaka uenee. Kisogo kinapakwa na mtu mwingine, kwa kuwa kola ya kimono ya mwanamke huvutwa nyuma na kisogo kinaonekana kuliko kidevu. Mikono pia. Fundi wa chuo alifungua kopo la rangi nyeupe ya vichekesho vya sarakasi. Ni ya mafuta: inang'aa chini ya taa, inakamata vumbi, inachafua kola, na kwa kuwa hakuna nta chini, inapasuka kwenye mikunjo ya mdomo. Kwenye picha nyeusi na nyeupe utaitambua kwa mng'ao wa paji la uso.

Mistari myekundu ya mashujaa wa kabuki, kumadori, ilikuwa na tatizo lake. Mstari huo hufuata misuli ya uso, na baada ya kuchorwa ukingo mmoja hufifishwa kwa kidole huku mwingine ukibaki mkali. Hapo ndipo uso unapopata uvimbe wa hasira. Walioiga kutoka kwenye picha za mbao zilizochapwa walichora kingo zote mbili kali, kwa sababu mchapaji wa mbao ndivyo alivyochonga, na uso ukawa ramani. Rangi nazo zina maana: nyekundu ni ushujaa na haki, buluu ni uovu, kahawia ni mazimwi na viumbe visivyo binadamu. Shujaa mwenye buluu ni kosa kubwa kuliko shujaa asiye na rangi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jina linalotawala kwenye ratiba za vyuo ni The Teahouse of the August Moon ya John Patrick, iliyofunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwaka 1953 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Ilikuwa rahisi kuipenda. Inalicheka jeshi la Marekani lenyewe (kuna amri ya kujenga shule yenye umbo la Pentagon kijijini), ina wanakijiji wengi wa kugawia wanafunzi, ina gari la jeep, ina mbuzi. Lakini hadithi iko Okinawa, kisiwa cha kusini ya mbali, na Okinawa si Tokyo. Mavazi ya kienyeji ya huko kwa wanawake huchomekwa kiunoni bila obi pana. Kitambaa cha sherehe ni bingata chenye rangi kali za kuchorwa. Ala ni sanshin, nyuzi tatu juu ya ngozi ya chatu. Vyuo vilileta obi, shamisen (ala ya nyuzi tatu ya Japani bara) ya kwenye santuri na maua ya cheri ya karatasi. Sakini, mkalimani anayeongoza mchezo na kumzidi akili kila afisa, alichezwa na mwanafunzi mzungu aliyepakwa rangi na kukunja mgongo. Jukwaani Broadway alikuwa David Wayne, kwenye filamu ya 1956 Marlon Brando, kwa hiyo mwanafunzi alikuwa na wa kumuiga. Ule mgongo uliokunjwa unaharibu mchezo wenyewe: utani wote wa Sakini unategemea mtu aliyesimama wima, anayejua kila kitu, akijifanya hajui.

Rashomon ya Fay na Michael Kanin, ya mwaka 1959, ilivutia vyuo vilivyotaka kuonekana vizito. Hapo tazama upanga. Hadithi, ya jambazi aliyewavamia samurai (mpiganaji wa Kijapani) na mkewe porini, ni ya enzi ya Heian, kama miaka elfu moja nyuma. Upanga wa wakati huo, tachi, huning'inia kiunoni makali yakitazama chini. Katana ya baadaye huchomekwa kwenye mkanda makali yakitazama juu. Ukiona makali juu, fundi wa vifaa alisoma kuhusu samurai wa karne ya 17. Mke naye, akiwa safarini, anatakiwa avae kofia pana yenye shela inayoshuka mpaka mabegani au chini zaidi, na hii si pambo tu: upepo kuifunua ile shela ndiyo mwanzo wa balaa lote. Palipokosekana kofia, mwongozaji alilazimika kubuni njia nyingine ya jambazi kumwona mwanamke uso, na kawaida njia hiyo ilikuwa kumgeuza mwanamke mchokozi.

Tatizo gumu kuliko yote ni jengo. Kabuki inahitaji hanamichi, njia inayotoka nyuma ya ukumbi ikipita katikati ya watazamaji, upande wao wa kushoto, hadi jukwaani, ikiwa usawa mmoja na jukwaa. Mahali pake muhimu ni pale palipobaki sehemu tatu kati ya kumi kufika jukwaani. Hapo muigizaji husimama na kuganda kwenye pozi, mie. Ukumbi wa chuo cha Marekani una sakafu inayopanda kuelekea nyuma, kwa hiyo njia iliyonyooka inaanza ikiwa juu ya kichwa cha aliyekaa mstari wa mbele na kuishia imekaribia kuzama sakafuni kwa nyuma. Unang'oa safu mbili tatu za viti, unapoteza tiketi, na watu wa zimamoto wanataka ujia wao. Matokeo yake ni kijiti cha mita tatu kilichochomoza mbele ya jukwaa. Juu ya kijiti hicho hakuna sehemu saba za kutembea kabla ya zile tatu za mwisho, na pozi linatokea bila safari. Watazamaji wanacheka mahali ambapo walitakiwa washike pumzi.

Mie pia haisimami bila tsuke: vipande viwili vya mbao vinavyopigwa juu ya ubao uliolazwa sakafuni, pembeni kulia kwa watazamaji, na mtu anayemtazama muigizaji, si nota. Kichwa kinazunguka, macho yanafika, mbao zinalia. Zikichelewa nusu sekunde muigizaji anaonekana amesahau maneno. Vyuo vilivyoweka mlio huo kwenye kanda vilijifunza haraka kwamba kanda haisubiri mtu.

Na kubadili nguo mbele ya watu, hikinuki. Kimono ya juu hushikizwa kwa nyuzi nene zenye vifundo vya duara mwishoni. Msaidizi huzivuta moja moja wakati muigizaji bado anacheza, mpaka nguo inabaki imeshikwa na mbili tatu. Kisha kwa mpigo mmoja inaporomoka na nyingine inatokea chini yake. Waliotumia utepe wa kubana wa velcro waliokoa saa nyingi za kushona, wakapata mlio wa kuchanika unaosikika mpaka safu ya mwisho.

Kulikuwa na vyuo vilivyofanya kazi hii kwa ukamilifu, na siri yao haikuwa pesa. Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kuigiza kabuki kwa Kiingereza mwaka 1924, mahali ambapo karibu watu wanne kati ya kila kumi walikuwa na asili ya Kijapani. Ukosi ukigeuzwa, kuna mtu ukumbini anauona. Baada ya vita kazi hiyo iliendelezwa na Earle Ernst, aliyewahi kuwa mkaguzi wa michezo ya kuigiza Tokyo chini ya utawala wa Marekani, na baadaye James Brandon, kwenye ukumbi wa Kennedy uliofunguliwa mwaka 1963. Kwenye Chuo cha Pomona, California, Leonard Pronko, profesa aliyeanza na michezo ya Kifaransa, alikwenda kusomea kabuki kwenye Ukumbi wa Taifa wa Japani mwaka 1970, mtu wa kwanza asiye Mjapani kukubaliwa kwenye mafunzo hayo. Illinois alikuwepo Shozo Sato, aliyezaliwa Japani, akiwaweka Macbeth na Medea ndani ya umbo la kabuki.

Mpangilio wao wa mazoezi ndio uliowatofautisha. Mwili kwanza, maandishi baadaye. Kabla ya mwanafunzi kupewa sentensi moja anafundishwa kutembea: magoti yamelegezwa, kiuno kimeshuka, kisigino hakiinuki. Anayecheza mwanamke anabana karatasi katikati ya magoti na kutembea bila kuidondosha, mabega yamevutwa nyuma na chini. Hatua fupi zinatokana na karatasi ile, wala si unyonge. Chuo kilichompa mwanafunzi wiki nne na kumwambia "tembea kwa hatua ndogo" kilipata hatua ndogo zenye mabega yaliyopanda masikioni. Utaziona kwenye picha hata kama mtu amesimama tuli.

Mtindo wa kupaka nyuso rangi ulianza kuishiwa nguvu taratibu kuanzia miaka ya 1960: East West Players ilianzishwa Los Angeles mwaka 1965 na waigizaji waliochoka kupewa nafasi za watumishi, na mgomo wa wanafunzi wa San Francisco State wa 1968 na 1969 ukaingiza masomo ya Wamarekani wenye asili ya Asia darasani. Taratibu kweli, kwa sababu hata mwaka 2015 kundi moja la New York lililazimika kuufuta mpango wake wa The Mikado, uliokuwa uonyeshwe katika ukumbi wa chuo kikuu, baada ya picha za tangazo kuzua malalamiko.

Kama stoo ya chuo chako bado ina reli la "kimono", zipange kabla hujatupa chochote. Zile za kushonwa hapo zitakuwa na zipu, pensi au lebo ya jina la muigizaji. Hizo ni kumbukumbu ya idara, andika mwaka na mchezo. Zile za hariri zenye joka au tausi wa kutariziwa mgongoni, mkanda wa kitambaa hichohicho na mfuko, ni majoho yaliyotengenezwa Japani kwa ajili ya kuuzia wageni. Mengi yaliletwa na askari waliorudi. Yaliyo ya zamani zaidi yana vipande vya ziada vilivyoingizwa ubavuni ili sketi itanuke juu ya magauni ya Kimagharibi ya wakati ule. Kimono ya kike ya kweli utaijua kwa mwanya ulioachwa wazi chini ya kwapa, mshono mmoja unaoshuka katikati ya mgongo, na vipande vyote kuwa na upana wa jora lilelile, mzima au nusu yake. Itoe kwenye hanga, maana mabega yake yanachanika kwa uzito. Usiifue. Ikunje kwa kufuata mishono yake, uifunge kwenye karatasi isiyo na asidi, na uilaze.